Fahari pekee si historia
Mtalii anayezungushwa siku moja mjini Hue, Vietnam, huonyeshwa fahari: kasri la wafalme wa ukoo wa Nguyen waliotawala tangu 1802 hadi 1945, makaburi yao, na hekalu la Kibuddha la Thien Mu. Nami nilionyeshwa hayo. Lakini viwanja vitupu ndani ya kasri vilinifunza zaidi. Mwaka 1968, mapigano ya takriban mwezi mmoja yaliteketeza majumba mengi. Raia waliuawa kwa mabomu ya Wamarekani na kwa mikono ya wapiganaji wa Kikomunisti. Kiongozi wetu aliyataja hayo kwa sentensi moja tu. Walimu, mnapowapeleka wanafunzi kwenye magofu yoyote, msiridhike na sifa za wafalme. Ulizeni pia ni nani aliyeyabomoa, na ni nani waliozikwa hapo.