Kidonda cha Mguu na Hofu ya Mtihani



Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa hifdhi alimwagikiwa chai ya moto mguuni, wiki chache kabla ya mtihani wa juzuu. Kidonda kikakawia kupona. Nami, Mola anisamehe, nikamwambia anatafuta kisingizio. Mama yake akaja kunieleza kwamba kijana halali; usiku anarudia sura huku akilia.

Sidai kuwa ukali wangu ndio uliochelewesha kidonda kile. Lakini nilikwenda kusoma, na niliyoyasoma yamenibadilisha.

Ngozi inapojeruhiwa, chembe za kinga hufika kwanza kusafisha vijidudu na nyama iliyokufa. Kisha seli za ngozi kwenye kingo za kidonda husogea mpaka zikutane. Chini yake, seli ziitwazo fibroblasti hufuma nyuzi za kolajeni. Ufumaji huo ndio kovu, nalo hata likikomaa hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya awali. Kidonda kikichelewa kufunga, kovu nalo huelekea kuwa kubwa zaidi.

Sasa, mtu akiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli. Homoni hii ina hikma yake, hutuandaa kukabili hatari. Lakini ikizidi kwa siku nyingi, huzipunguza kasi chembe za kinga na hao wafumaji.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha jaribio lao. Wanafunzi 11 wa udaktari wa meno walitiwa kidonda kidogo kwenye kaakaa mara mbili: wakati wa likizo, na siku tatu kabla ya mtihani. Cha wakati wa mtihani kilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 40. Hakuna hata mmoja aliyepona haraka kama likizoni.

Wapo watakaosema, "Ustadhi, bila ukali mtoto hasomi." Sisemi tuache adabu wala tufute mitihani. Nasema mtoto mgonjwa asiongezewe hofu. Mtihani unaweza kusubiri wiki mbili, juzuu haikimbii.

Wazazi, mtoto akiungua, mwagieni maji baridi ya bomba kwa dakika 20, si dawa ya meno wala majivu. Mpelekeni zahanati. Kisha mwacheni alale, mpeni chakula chenye mayai, maharage au samaki, na mumwambie maneno mema. Hayo nayo ni sehemu ya tiba.

Kijana wangu nilimwahirishia mtihani, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Akaja kusoma juzuu yake baadaye, bila kutetemeka. Kovu lipo mguuni mpaka leo. Namwomba Mola lisiwepo jingine moyoni.

Wabillahi tawfiq.