Milima Miwili ya Chuma Iliyobaki Nairobi

Katika uwanja wa Makumbusho ya Reli mjini Nairobi yamesimama majitu mawili ya chuma ambayo wananchi wetu wengi hawajapata kuyasikia, licha ya kuyaona. Ni injini za mvuke za daraja la 59, na kila moja ina jina lake ubavuni. Ya kwanza, namba 5918, inaitwa Mount Gelai. Ya pili, namba 5930, inaitwa Mount Shengena. Gelai ni mlima ulio kusini-mashariki ya Ziwa Natron, na Shengena ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare, wilayani Same. Yaani injini zilizoundwa zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro na Meru na Elgon na Ruwenzori zikiwamo. Zote zikaisha kwa kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu isipokuwa mbili, na mbili hizo zote zina majina ya milima iliyo katika ardhi ya Tanzania. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayotupa haki ya kuuliza habari zao.

Tunauliza kwa sababu suala la kuhifadhi na kufufua injini kubwa za mvuke limekuwa suala zito katika nchi nyingi, ilhali sisi tuliozimiliki zilizo kubwa kuliko zote za aina yake tumelinyamazia. Injini za daraja la 59 zilikuwa kubwa na zenye nguvu kuliko injini zote za mvuke zilizopata kutembea juu ya reli yenye upana wa mita moja, duniani kote. Ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, kwa agizo la Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa mita 31 na ushei. Zilichoma mafuta mazito badala ya makaa ya mawe, na kazi yake ilikuwa kuvuta shehena za tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, safari inayoanzia usawa wa bahari na kuishia katika nyanda za juu zaidi ya mita 1,600, kwa njia ambayo mahali pengi hupanda mita moja kwa kila mita 66.

Msomaji atauliza: reli nyembamba kama hiyo iliwezaje kubeba mzigo wa namna hiyo? Jibu limo katika ubunifu wa Mwingereza mmoja, Herbert William Garratt, ambaye injini ya kwanza ya mfano wake ilikwenda Tasmania mwaka 1909. Badala ya kuweka boila juu ya magurudumu, Garratt aliliweka katikati, likaning'inia kama machela iliyobebwa na watu wawili: mbele kuna seti moja ya magurudumu yenye silinda zake na tangi la maji, na nyuma kuna seti ya pili. Kwa hiyo uzito huenea juu ya reli ndefu, na mashine hujipinda penye kona. Fauka ya hayo, kwa kuwa chini ya boila hakuna gurudumu lolote, boila na tanuru lake huweza kunenepa kadiri mhandisi anavyotaka. Uhandisi huu ulizaliwa Ulaya, lakini Afrika ndiko ulikopata kazi yake hasa, kuanzia Afrika Kusini na Rhodesia hadi kwetu.

Hatuna haja ya kuficha kwamba mitambo hii iliagizwa na utawala wa kikoloni kwa faida ya wakoloni. Pamba ya Uganda na kahawa ya nyanda za juu haikuteremshwa Mombasa kwa ajili ya ustawi wa mkulima aliyeilima. Hata majina yalikuwa na siasa yake. Injini za daraja la 60, ndugu wadogo wa hizi, zilipewa majina ya magavana, na moja yao iliyohifadhiwa katika makumbusho hayo hayo ilibeba jina la Sir Harold MacMichael, aliyepata kuwa Gavana wa Tanganyika. Lakini aliyetia moto, aliyepaka grisi, aliyekesha karakana akibadilisha mabomba ya boila, aliyelala kambini Voi au Makindu akingoja zamu, hakuwa gavana. Alikuwa mfanyakazi wa Afrika Mashariki, Mwafrika na Mwasia, na baada ya Uhuru alikuwa mwananchi wa mojawapo ya nchi tatu zilizolimiliki shirika lile kwa pamoja. Chuma hiki kilinunuliwa na mkoloni, kweli, lakini kililipiwa kwa jasho letu.

Shirika lenyewe ndilo lililofungua makumbusho ya Nairobi mwaka 1971, wakati injini nyingi za mvuke zilikuwa bado kazini. Hilo linastahili sifa, kwa sababu taasisi nyingi hukumbuka kuhifadhi pale ambapo hakijabaki cha kuhifadhiwa. Kisha Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Kila nchi ikaunda shirika lake la reli, na kufikia mwaka 1980 injini za daraja la 59 zilikuwa zimeondolewa kazini. Majadiliano ya kugawana mali yakaendelea kwa miaka, hadi mkataba ukatiwa saini Arusha mwaka 1984 chini ya usuluhishi wa Mswisi, Victor Umbricht. Kenya ikapata asilimia 42, Tanzania asilimia 32, na Uganda asilimia 26. Mahesabu yale yalihusu madeni, majengo, meli, mabehewa. Kumbukumbu haikuwa na safu yake katika daftari. Ilibaki pale ilipokutwa imesimama, yaani Nairobi, na tangu hapo mzigo wa kuitunza ukawa wa Kenya peke yake. Insafu yataka tuseme hivyo kabla ya kumkosoa jirani kwa lolote.

Sasa, kuhifadhi maana yake nini? Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani injini ikipakwa rangi mpya na kuwekewa kibao imehifadhiwa. Rangi huzuia macho yasione kutu; haizuii kutu isile. Injini ya mvuke iliyosimama nje, ikipigwa na mvua za masika na jua la kiangazi, huoza kutokea ndani: maji hutuama chini ya ganda la boila, hujikusanya katika sehemu za chini za tanuru, hupenya katika ekseli. Baada ya miaka arobaini mtu anaweza kuutoboa kwa nyundo ubati ulioonekana mzima. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuhifadhi ni paa. Jambo la kawaida kabisa, wala halihitaji mtaalamu kutoka nje.

Kufufua ni jambo jingine, na gharama yake ni nyingine. Ganda lote huvuliwa, na unene wa kila bati la boila hupimwa. Mabomba ya ndani hung'olewa yote na kuwekwa mapya. Boila hujazwa maji baridi na kushindiliwa kupita kiwango cha kazi, ambacho kwa daraja la 59 ni ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, na hapo ndipo moto huruhusiwa kuwashwa. Asiyeziheshimu taratibu hizi huhatarisha maisha ya watu. Mwaka 1995, huko Pennsylvania, Marekani, injini ya treni ya watalii iliachwa maji yakapungua ndani ya boila. Dari la tanuru likapasuka na watumishi watatu wakaungua vibaya. Kutokana na ajali hiyo, serikali ya nchi ile iliandika upya kanuni za ukaguzi wa injini za mvuke mwaka 2000, ikaagiza kwamba kila injini ifumuliwe na kukaguliwa nzima baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia. Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wenye shauku, ambao wakisikia neno kufufua huona moshi na honi tu.

Hata hivyo kazi hiyo yawezekana. Kampuni ya reli ya Union Pacific ilikuwa na injini 25 za mvuke zijulikanazo kwa jina la Big Boy, kila moja ikizidi tani 500 pamoja na gari lake la maji na makaa. Namba 4014, iliyoundwa mwaka 1941, ilikaa katika uwanja wa maonyesho California kwa zaidi ya nusu karne. Kampuni iliichukua, ikaivutia hadi karakana yake ya Cheyenne mwaka 2014, ikaifumua yote, ikaibadilisha ichome mafuta badala ya makaa, na mwezi Mei 2019 ikatembea kwa nguvu zake yenyewe kuadhimisha miaka 150 ya reli iliyounganisha pande mbili za nchi ile. Ni kweli kwamba hilo ni shirika tajiri linalojitangaza, na sisi hatuna fedha za namna hiyo. Mfano wa Marekani unatuonyesha kwamba ukubwa wa mashine si kizuizi. Hauthibitishi kwamba kila mtu anaweza kulipa.

Mfano unaotuuma zaidi uko Wales. Huko kuna reli nyembamba ya Welsh Highland, ya takriban kilomita 40 kati ya Caernarfon na Porthmadog, iliyojengwa upya kwa sehemu kubwa na watu waliojitolea na kukamilika mwaka 2011. Na injini zinazovuta watalii katika milima ile ya Wales zimetoka wapi? Nyingi ni za mfano wa Garratt, zilizofanya kazi Afrika Kusini hadi zilipoachwa. Waingereza waliziunda, wakaziuza Afrika, na Afrika ilipozichoka wakazirudisha kwao, wakazikarabati, na leo wanakata tiketi. Hatuwalaumu hata kidogo. Kilichoonekana kwetu kuwa takataka kiliajiri watu kwao.

Kuna wasemao, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa za kutosha haina ruhusa ya kutumia shilingi moja juu ya chuma cha mwaka 1955. Safu hii inakubaliana nao kwa nusu. Ingekuwa makosa kwa serikali yoyote ya Afrika Mashariki kutoa fedha za umma ili Shengena ipige honi kwa furaha ya wageni wachache. Isitoshe, injini hii hukandamiza reli kwa tani 21 katika kila ekseli yake kubwa, uzito ambao njia zetu nyingi za mita moja haziwezi kuubeba. Haiwezi kuja Same kusalimia mlima wake. Lakini wasemaji hao huchanganya mambo mawili. Kuendesha injini ni anasa inayoweza kungoja hadi apatikane wa kuilipia. Kuizuia isioze hakuwezi kungoja, na ni rahisi kuliko sherehe moja ya uzinduzi wa mradi wowote.

Fauka ya hayo, muda umebadilika. Reli mpya ya upana wa kimataifa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na ya kwetu kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 2024. Ni maendeleo tuliyoyapigania na tunayashangilia. Hata hivyo kila reli mpya inapofunguliwa, ya zamani hupoteza mtetezi: stesheni hugeuka ghala, karakana hugeuka kiwanja, na vifaa vyenye historia hupimwa kwa kilo. Jijini Nairobi, eneo linalozunguka stesheni kuu limo katika mpango mkubwa wa ujenzi uliozinduliwa mwaka 2022 kwa jina la Nairobi Railway City. Ardhi ya katikati ya jiji ina thamani kubwa, na uwanja wa makumbusho hauna mdomo wa kujisemea. Wanaochora ramani wanapaswa kusikia kutoka kwa majirani kwamba kilichomo mle kina wenyewe katika nchi tatu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 ina makao yake Arusha, mwendo wa saa chache kutoka Gelai. Ina mawaziri wa uchukuzi wanaokutana, ina Bunge linalokaa. Tunapendekeza kwamba Tanzania na Uganda zijitolee kuchangia paa la mitambo ile kwa uwiano ule ule wa mwaka 1984, na kwamba orodha moja itengenezwe ya vitu vyote vilivyobaki vya shirika la zamani, popote vilipo: injini, mabehewa, vibao, michoro ya mafundi, vitabu vya zamu. Muhimu kuliko vyote, wazee waliofanya kazi ile waandikwe. Kijana wa miaka ishirini aliyetia moto mara ya mwisho mwaka 1980 sasa amepita sitini na tano, na aliyekuwa dereva mkuu wakati huo, kama yu hai, ni mkongwe. Boila laweza kusubiri fundi mwingine aje. Ujuzi wa kusikia kwa sikio kwamba maji yamepungua hautoki katika kitabu.

Na sisi wa upande huu tuanze na lililo karibu. Reli ya kutoka Tanga, ambayo treni za abiria zilirudi hadi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, inapita Same chini ya Milima ya Upare. Shuleni tulikariri urefu wa Kilimanjaro na Meru. Shengena hatukufundishwa, sembuse injini yake. Picha moja ya namba 5930 ukutani mwa stesheni ya Same, pamoja na maelezo mafupi ya Kiswahili, gharama yake haizidi ya kikao kimoja cha kamati.