Magari ya umeme: Simiyu ianze na toyo

Mwaka 1995 kampuni ya Toyota ilionyesha mfano wa Prius, gari la petroli na umeme kwa pamoja, katika maonyesho ya magari ya Tokyo. Miaka miwili baadaye likaanza kuuzwa Japani. Leo maonyesho makubwa duniani yana magari mengi ya umeme mtupu.

Mkulima wa pamba wa Bariadi atauliza: yananihusu nini? Yanamhusu. Mafuta yakipanda bei, gharama ya toyo na bodaboda zinazopeleka pamba AMCOS na mazao sokoni nayo hupanda. Bei kikomo za EWURA ni kubwa zaidi Bariadi kuliko Dar es Salaam, kwani mafuta husafirishwa kutoka bandarini. Uniti ya umeme wa Tanesco haipandi bei kwa ajili ya umbali. Hapo ndipo penye nafuu.

Rwanda imeliona hilo: tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme tu.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Betri ni ghali, na ikifa mapema faida yote hupotea. Mfanyabiashara asinunue toyo ya umeme, wala gari lililotumika la aina ya Prius, bila betri kupimwa na dhamana ya maandishi.

Tunazishauri halmashauri na Tanesco ziweke vituo vya kuchaji karibu na masoko na viwanda vya kuchambua pamba, na VETA iandae mafundi. Bila hayo, chombo kikiharibika msimu wa pamba, hasara itabaki kwa mkulima.