Mkandarasi Bila Msimamizi

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa kwamba serikali iache kabisa kuwatumia wakandarasi, na kazi zote za umma zifanywe na wafanyakazi wake yenyewe. Waliounga mkono walisema mkandarasi ni mwizi aliyevaa kofia ya plastiki. Waliopinga wakajibu ati serikali haiwezi kujenga hata choo kikaisha. Ukumbi ukaangua kicheko, saa ikafika, na mimi niliyekuwa nimenyoosha mkono sikufikiwa. Basi naomba mhariri anipe nafasi hapa, maana kwa maoni yangu pande zote mbili ziliacha swali lenyewe kando.

Kwanza tumpe mkandarasi haki yake. Daraja kubwa lataka mashine za kuinua vyuma na mafundi waliokwisha kujenga madaraja mengine kabla ya hilo. Kaunti inayojenga daraja la namna hiyo mara moja kwa miaka ishirini itazipeleka wapi mashine hizo kazi ikimalizika? Zitaota kutu uani, nasi tuendelee kuwalipa madereva wake mshahara. Afadhali kukodi. Barabara ya Nairobi hadi Thika, yenye kilomita zipatazo 50, ilikamilika mwaka wa 2012 kwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Iligawanywa sehemu tatu, zikapewa kampuni tatu kutoka Uchina. Muulize mzazi yeyote aliyekuwa akikwama Githurai kabla haijapanuliwa kama pesa zote hizo zilikwenda bure.

Lakini mtu anaweza kukodi mikono ya kazi, macho ya kuikagua lazima yawe yake mwenyewe. Hapo ndipo tunapoteleza. Zamani Wizara ya Ujenzi ilikuwa na greda zake na vibarua wake. Kuanzia mwaka wa 1974 kulikuwa na mpango wa barabara za mashambani ambao uliwapa wanavijiji kazi ya jembe na sepetu karibu na makwao. Sisemi mambo yalikuwa asali tupu, la hasha! Miaka ya 1990 serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi wake, kazi nyingi zikaangukia mikononi mwa wakandarasi. Nionavyo mimi, hasara kubwa haikuwa kuondoka kwa vibarua. Ilikuwa kuondoka kwa wajuzi. Injinia wa serikali anayejua bei ya mfuko wa simiti, anayejua kokoto ikipunguzwa lami itapasuka baada ya mvua ngapi, ndiye anayeweza kumwambia mkandarasi, "Bwana, hapa rudia." Akikosekana huyo, ofisi hutia sahihi karatasi za malipo sawa na mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wengine watasema, mbona wakubwa huzuru miradi? Jamani, ziara si ukaguzi. Daraja la Sigiri kule Budalang'i, juu ya mto Nzoia, lilikuwa la shilingi zipatazo bilioni 1.2. Rais Uhuru Kenyatta alilizuru mwezi wa Juni mwaka wa 2017. Tarehe 26 mwezi huohuo likaanguka kabla hata halijamalizika.

Mfano unaonikera zaidi ni wa hospitali. Mwaka wa 2015 Wizara ya Afya ilifanya mikataba ya kukodi mitambo ya kisasa kwa ajili ya kaunti zote 47: mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, za eksirei, za vyumba vya upasuaji na kadhalika. Nia ilikuwa njema, na nitakuwa mwongo nikisema hakuna aliyefaidika. Wapo wagonjwa wa figo ambao walikuwa wakisafiri hadi Nairobi au Eldoret kila juma, nao sasa wakapata huduma karibu na nyumbani. Ila tazama jinsi biashara yenyewe ilivyofanywa. Mwanzoni kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, na baadaye zikafika milioni 200, huku magavana wakilalamika kwamba hawajaiona mikataba. Kamati ya Seneti ilipochunguza jambo hili na kutoa ripoti mwaka wa 2020, ilibainika kuwa kuna mitambo iliyokaa bure. Mahali pengine hapakuwa na umeme wa kutosha au maji. Kwingine hapakuwa na mtaalamu wa kuiendesha. Mashine ipo, mgonjwa yupo, malipo yanakatwa, na kazi haifanyiki! Kwani nani aliulizwa kama hospitali ile ina maji? Muuzaji hakuwa na haja ya kuuliza. Yeye kazi yake ni kuuza. Wa kuuliza alikuwa mnunuzi.

Tusisahau kwamba serikali nayo humtesa mkandarasi. Mkandarasi hukopa benki ili anunue vifaa, akamaliza kazi, halafu akangoja malipo mwaka, miaka miwili, riba ikipanda. Mjanja akishajua atacheleweshewa, huongeza bei tangu siku ya kuomba tenda. Mnyonge hufilisika, na hao vijana waliotengewa pamoja na akina mama na walemavu asilimia 30 ya tenda za serikali ndio wa kwanza kufilisika. Kufikia mwaka wa 2025 deni la wakandarasi wa barabara lilikuwa takriban shilingi bilioni 175. Serikali ikaamua kwamba kati ya shilingi 25 zinazotozwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara, shilingi 7 ziwe dhamana ya kukopea pesa za kulilipa. Kwa hivyo wewe ukipanda matatu kwenda likizo, ndani ya nauli yako mna deni la barabara ambayo pengine hutaipita maisha yako yote.

Je, pana mahali ambapo mambo yalikuwa nafuu? Ndiyo, na hapa nadhani wengi wenu mtanikumbuka, maana ni jambo la shule. Mwaka wa 2021 serikali iliazimia kujenga madarasa 10,000 ya mtaala mpya. Ramani ilikuwa moja nchi nzima. Gharama ilitangazwa kuwa karibu shilingi 788,000 kwa darasa, na waziri wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alisisitiza kazi wapewe wakandarasi wa karibu na shule, naye akawa anazunguka kuyakagua. Malipo yalichelewa pale na pale, na kelele zikawa nyingi. Lakini mzazi yeyote aliyepita langoni alijua darasa linafaa kufananaje na linagharimu pesa ngapi, na fundi alikuwa jirani yake wa kanisani au wa sokoni. Ni vigumu kumwibia jirani anayejua bei.

Bei hiyo ndiyo hufichwa katika miradi mingine. Kibao cha mradi kando ya barabara huandikwa jina la mkandarasi na la ofisi iliyotoa kazi, nasi hupita tukikitazama kama tangazo la soda. Kumbe Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, hata mkataba wa kalvati. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2016 inaipa ofisi siku zisizozidi 21 kujibu. Na kwa sisi wa chama hiki kuna jambo jingine: sheria hiyo inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.