Likizo ya nyangumi: chagua bahari kwanza, kitanda baadaye

Kila mwaka joto la Maskati likishavuka nyuzi 40 na skuli zikafungwa, nyumba zetu za Hail hujaa mazungumzo ya safari. Wageni wanatoka London, Toronto na Dubai, wengine wanatoka Unguja na Mombasa, na sisi wenyeji nasi tunatafuta pa kukimbilia. Miaka ya karibuni limezuka ombi jipya kutoka kwa watoto: wanataka kumuona nyangumi. Wamemuona kwenye televisheni na kwenye simu, sasa wanamtaka kwa macho yao.

Ombi ni zuri na sisi tunaliunga mkono. Tunachokilalamikia ni namna tunavyolitimiza. Wengi wetu huanza kwa kutafuta hoteli. Tunaangalia bwawa, chakula cha asubuhi na picha ya mkia wa nyangumi iliyobandikwa kwenye tangazo, tunalipa, kisha tukishafika ndipo tunauliza nyangumi wako wapi. Kwa maoni yetu hapo tumeanza mwisho. Anayetaka kumuona nyangumi achague kwanza bahari, kisha msimu, kisha nahodha. Kitanda kije mwisho.

Tuliwahi kupokea jamaa zetu waliokuja mwezi wa Agosti na wakawa wameshalipia wiki nzima katika hoteli moja ya pwani ya Dhofar. Tangazo lilikuwa na nyangumi. Walipofika walikuta ukungu, manyunyu na mawimbi makubwa kama nyumba. Hakuna boti iliyotoka hata siku moja. Watoto walirudi Hail wamenuna, na baba yao alikuwa ametumia akiba ya mwaka. Hoteli haikuwa mbaya, na khareef yenyewe ni neema, milima inakuwa kijani na watu wanaifuata kutoka Ghuba nzima. Lakini upepo unaoileta khareef ndio huo huo unaoifunga bahari kuanzia Juni hadi Septemba. Jambo hilo mvuvi yeyote wa Mirbat angewaambia bure.

Basi tuanze na bahari yetu wenyewe. Kutoka Hail hadi bandari ndogo ya Al Mouj ni mwendo mfupi wa gari, na boti za kuangalia pomboo hutoka huko na katika bandari nyingine za Maskati. Pomboo ndio utakaowaona mara nyingi. Nyangumi hupita pia katika maji haya yenye kina, lakini ni bahati, na asiuziwe mtu bahati kwa bei ya uhakika. Wakati wa joto wapo papa potwe katika visiwa vya Daymaniyat, ambavyo ni hifadhi tangu mwaka 1996. Potwe ni samaki, si nyangumi, ingawa mtoto akiona ukubwa wake hatabishana nawe. Kwa safari za namna hii mgeni hahitaji hoteli ya mbali. Chumba cha Hail au Seeb kinatosha, na jioni atapata mishkaki na watu wa kuzungumza nao Kiswahili.

Nyangumi wa nundu wa Oman anakaa kusini zaidi: Ghuba ya Masirah, pwani ya Hasik na visiwa vya Hallaniyat. Wazee wanavijua visiwa hivyo kwa jina la Kuria Muria. Ndivyo Seyyid Said bin Sultan, yule yule wa Unguja, alivyowapa Waingereza mwaka 1854, vikarudi Oman mwaka 1967. Nyangumi wa huko ni wa peke yake duniani. Wenzake wa nundu husafiri kila mwaka kati ya maji ya baridi na maji ya joto, yeye hubaki katika Bahari ya Arabia mwaka mzima. Kuna jike mmoja aliyefungwa chombo cha satelaiti akapewa jina la Luban, yaani ubani. Mwishoni mwa mwaka 2017 alivuka kutoka Oman hadi pwani ya India, kisha akarudi. Njia hiyo majahazi yetu waliijua zamani.

Lakini wamebaki wachache mno. Mwaka 1966 meli za Kisovieti ziliua zaidi ya 200 katika bahari hii kinyume cha sheria, na habari hiyo ilifichwa kwa miaka mingi. Makadirio yaliyotokana na picha za mikia zilizopigwa Oman kati ya 2000 na 2004 yalitoa nyangumi 82 tu, na mwaka 2008 wakaingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Leo wanakabiliwa na nyavu za wavuvi na meli kubwa. Kwa hiyo anayekwenda kuwatazama ajue kwamba anabisha hodi katika nyumba yenye watu wachache na wenye majonzi. Aende bahari inapotulia, baina ya Novemba na Aprili, alale karibu na wavuvi, na akubali kwamba anaweza kurudi bila kuona kitu.

Je, mwenye likizo ya Julai na Agosti afanye nini? Hapa ndipo tunapowashangaa ndugu zetu. Miezi hiyo hiyo ambayo pwani ya Dhofar imefungwa, nyangumi wa nundu wa kusini wanapanda kutoka bahari ya barafu kuja kuzaa katika maji ya Afrika Mashariki. Kuanzia Julai hadi Oktoba wanapita Unguja na Watamu. Yaani nyangumi wanakwenda nyumbani wakati ule ule ambao sisi tunakwenda nyumbani, nasi tunawatafuta kwenye ukungu wa Salala!

Mtu akienda Unguja, basi Kizimkazi ndiyo penyewe, karibu mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mjini. Pana msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, na pana Ghuba ya Menai, hifadhi tangu 1997. Wengi wetu hulala mjini, au katika hoteli kubwa za kaskazini, kisha hupelekwa Kizimkazi asubuhi na kurudishwa mchana. Pesa inabaki kwa hoteli na kwa mwenye gari, kijiji kinaachiwa moshi wa injini. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Atapona vipi ikiwa mgeni hakulala kwake wala hakula kwake? Zipo nyumba za wageni za watu wa hapo hapo. Lala huko siku mbili au tatu. Kusi likivuma leo, kesho asubuhi pengine patatulia, na wewe upo. Aliyekuja kwa saa nne hana kesho, ndiyo maana humshurutisha nahodha atoke hata bahari ikiwa mbaya.

Hilo linatufikisha kwa nahodha. Huko Kizimkazi tumeona boti kumi zikiwazunguka pomboo watano, watu wakirukia majini juu ya vichwa vyao. Manahodha wanafanya hivyo kwa sababu sisi wateja tunadai tukaribie zaidi na tunatoa bakhshishi kwa anayekaribia. Lawama ni yetu kwanza. Kabla ya kulipia chumba, muulize mwenyeji wako: nahodha wenu hukaa umbali gani? Akikwambia mita mia au zaidi kwa nyangumi, huzima injini au hupunguza mwendo, hakati mbele yake wala haingii baina ya mama na mtoto, hapo pafae. Akikwambia utamgusa kwa mkono, tafuta kwingine.

Tunajua wapo watakaosema kwamba pa kulala ni kwa shangazi, hoteli ya nini? Tunawajibu kwa heshima: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msalimieni shangazi, kuleni kwake, lakini likizo ya bahari mkailipie pwani kwenye bahari yenyewe. Kijana wa Kizimkazi au wa Hasik akipata riziki kwa nyangumi aliye hai, atakuwa wa kwanza kumkata nyavu akinaswa.

Kwa hiyo wageni wetu wa mwaka huu tumewaambia mapema. Wanaokuja Januari tutawapeleka kusini wakajaribu bahati yao. Wanaokuja Julai walale Hail usiku mmoja, wapumzike, kisha tufunge mizigo pamoja, twende Unguja. Nyangumi hawatatungoja.