Umeme wa kauri: tuulize bei kwanza

Umeme ukikatika, maziwa ya mfugaji huharibika na mashine ya kusaga husimama. Ndiyo maana habari za seli za kauri zinazofua umeme kwa gesi huwavutia wengi.

Seli hizo haziichomi gesi kama jenereta. Kauri ikipata joto la nyuzi 700 na zaidi, hupitisha oksijeni ya hewani hadi kwenye gesi, na hapo hupatikana umeme pamoja na joto la kuchemshia maji.

Kampuni ya Ceramic Fuel Cells ilianzishwa Australia mwaka 1992. Mtambo wake mdogo, BlueGen, ulitoa kilowati 1.5 na kugeuza hadi asilimia 60 ya nishati ya gesi kuwa umeme. Pamoja na ubora huo, bei ilikuwa kubwa, na mwaka 2015 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi.

Hilo ni funzo kwetu. Vyama vya ushirika vikiletewa mtambo wowote mpya, viulize: uniti moja itagharimu kiasi gani? Seli zitadumu miaka mingapi? Na muuzaji akifunga duka, fundi atatoka wapi?