Sauti ya Pili: Fanani Wawili na Hadhira ya Mpakani

Mwezi Mei mwaka 1975, vijana wawili walikutana mjini Sydney, Australia, wakiwa miongoni mwa waimbaji wa tamthilia ya muziki iitwayo Jesus Christ Superstar. Mmoja, Graham Russell, alikuwa Mwingereza mwenye kipaji cha kutunga. Mwenziwe, Russell Hitchcock, alikuwa mwenyeji wa Melbourne mwenye sauti nyembamba inayopanda juu bila kukwaruza. Kundi lao, Air Supply, lilivuma duniani kuanzia mwaka 1980, na vibao vyao vya mapenzi vingali vinasikika redioni na garini nchini Kenya, hata katika vibanda vya Matayos na Malaba ambako hakuna aliyepata kuwaona. Mwaka 2025 wawili hao walitimiza miaka 50 ya kuimba pamoja. Anayehudhuria tamasha lao leo hafuati jambo jipya. Maneno anayajua, na kanda anayo nyumbani. Kinachomtoa kwake ni kutaka kuwaona wazee wawili wakiuzindua wimbo mmoja, huyu akianza na yule akipokea, na kutambua kwamba ule wimbo aliodhani ni wa mtu mmoja ulikuwa tangu awali mazungumzo ya watu wawili.

Yumkini msomaji atauliza, roki laini ya Australia ina nini na mwanafunzi wa Kiswahili? Ina mengi, kwa sababu inaanika pengo lililomo katika namna nyimbo zinavyofundishwa vyuoni mwetu. Mwaka 1989, M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika, aliieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamanisha mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Maelezo hayo yamekaririwa na vizazi vya wanafunzi hadi yakawa kama kiitikio. Hata hivyo, wimbo unapofika darasani, matano kati ya mambo hayo sita huachwa mlangoni. Hubaki maneno yaliyonakiliwa karatasini, na swali lile lile la mtihani: bainisha maudhui na tamathali za usemi. Na hata pale fanani anapokumbukwa, aghalabu huwa mmoja. Si Mulokozi aliyeamuru hivyo. Ni mazoea tu, pengine yaliyorithiwa kutoka kwa ushairi andishi, ambako kila shairi lina mwenyewe na jina lake hutiwa mwishoni.

Wimbo wa wawili unayakataa mazoea hayo. Ndani yake kuna uhusiano wa fanani na hadhira, na juu ya huo kuna uhusiano wa fanani na fanani: nani anatangulia, nani anaitikia, nani anamfunika mwenziwe pumzi inapomwishia. Ngonjera za Mathias Mnyampala zilihitaji watu wawili wabishane jukwaani ili zikamilike, na hakuna mhadhiri ambaye angethubutu kuzifundisha kwa kusoma upande mmoja. Mbona basi nyimbo za dansi zinafundishwa hivyo?

Afrika Mashariki haikuwahi kupungukiwa na jozi za waimbaji. Katika miaka ya 1960, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, wenyeji wa nchi inayoitwa Zambia leo, walifika Nairobi na kuingia katika bendi ya Equator Sound. Huko waliimba Kiswahili kwa sauti mbili zilizokwenda sambamba, ilhali wote wawili hawakuzaliwa katika lugha hiyo. Mwaka 1971, ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, ambao awali walikuwa Jamhuri Jazz, walihamia Nairobi na kuunda Simba Wanyika. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Santuri zao zingalipo na zinapigwa kila wikendi, lakini yule anayetaka kujua jinsi ndugu hao walivyotazamana kabla ya kuingia kwenye kiitikio amechelewa, na hakuna maktaba itakayomfaa.

Magharibi mwa Kenya jozi ilikuwa ya namna nyingine: gitaa kavu na chupa ya soda. Mtindo huo, uitwao omutibo, uliofungamana na jina la George Mukabi aliyefariki mwaka 1963, haukuhitaji umeme wala jukwaa. Mmoja alidonoa nyuzi, mwingine akakwaruza au kugonga chupa kwa chuma. Abana ba Nasery wa Bunyore walikuwa watatu, nao chupa ya Fanta iliyokuwa mikononi mwa Enos Okola ilikuwa na sauti yake, si pambo la magitaa ya Shem Tube na Justo Osala. Rekodi zao zilitolewa upya Uingereza mwaka 1989, na Wazungu wakaistaajabia chupa ile. Chupa haina maneno, kwa hiyo haimo katika tahakiki zetu.

Na hapa ndipo mpaka wa Busia na Malaba unapostahili kutazamwa kwa makini zaidi ya ule wa wanauchumi wanaohesabu malori. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, mkoa wake wa mashariki ulipohamishiwa upande ambao baadaye ukaitwa Kenya. Wasamia na Wateso wamebaki pande zote mbili. Katika ukumbi mmoja wa mpakani, wazee wa muziki wanapopiga zilizopendwa, huweza kuketi Mkhayo wa Matayos, Mteso wa Malaba, mfanyabiashara Mjaluo na Muganda aliyevuka kwa miguu jioni. Wakiachwa wazungumze siasa, watatafutana kwa lugha tatu. Kiitikio kikifika, wote wamo katika Kiswahili. Jambo hili si dogo katika ujirani wa Uganda, ambako kwa muda mrefu Kiswahili kilibeba sifa ya kuwa lugha ya askari na amri. Katiba ya Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini kabla ya maazimio hayo, Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka 1939 na kupata umaarufu Nairobi, alikuwa amekwisha kuwafanya watu wa pande zote mbili wacheze twisti kwa Kiswahili. Katika ukumbi kama huo hadhira ndiyo sauti ya pili. Mzee jukwaani anapoiacha nusu ya mshororo hewani, hadhira humalizia, na kila mmoja huimalizia kwa lafudhi ya kwao. Huo ni utafiti wa lahaja na wa utendaji kwa wakati mmoja, na kiingilio chake hakifiki bei ya kitabu.

Wapo wasemao kwamba wakongwe wamechakaa: sauti zimeshuka, vidole vimekauka, na santuri ya ujanani ni bora kuliko mzee wa leo. Hoja hii ina ukweli kwa anayetafuta burudani safi. Kwa msomi inapotosha. Mwimbaji anayeushusha wimbo kwa sababu hawezi tena kuifikia noti ya juu ameutunga upya. Mwenziwe naye hulazimika kubadili nafasi yake, pengine hata maneno. Santuri haina habari na mabadiliko hayo. Lililo la aibu zaidi ni mtindo ulioenea wa kupandisha msanii jukwaani achezeshe midomo juu ya sauti iliyorekodiwa, huku wanafunzi wa fasihi simulizi wakishangilia kana kwamba wameona utendaji.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu hupanga ziara za kila mwaka kwenda Lamu, Mombasa na Unguja kumsaka Mswahili wa asili. Ziara hizo ziendelee. Lakini Maseno, Masinde Muliro na Moi vimo magharibi mwa nchi, na Alupe kipo kando kabisa ya barabara ya Busia na Malaba. Nauli ya kutoka Alupe hadi Busia haihitaji mfadhili. Kundi moja la wanafunzi likilipa kiingilio kama watu wengine, likaomba ruhusa ya wasanii, likarekodi kwa vinasa sauti viwili, kimoja karibu na kila mwimbaji, litakuwa limefanya jambo ambalo kampuni nyingi za santuri hazikulifanya. Na fomu ya ukusanyaji data, ile yenye mstari mmoja tu ulioandikwa "Jina la fanani", iongezwe mstari wa pili kabla ya kuchapishwa.